Vile Tulikuwa Tunalilia Timu ku Lualaba

Vijana wa nyumba ya televizyo, siku ile nilisema kazi sasa basi, mulinipa kiti ya plastiki na soda mbili, mukaniambia: "Papa Mudomo, pumzika, mais lakini utuandikie vile ilikuwa." Kiti imekwisha kuvunjika muguu. Soda nilikunywa. Imebaki kuandika, na kuandika njo ugonjwa yangu. Nilisoma mpaka mwaka ya pili ya shule ya primaire, kiisha mwalimu akahama kutoka hapa Kindu. Watu wanasema alikimbia sauti yangu. Mimi sijui, mais ukuta ya ile klasi iko na mupasuko mpaka leo, muende muone.

Basi naandika vile nasema.

Kazi yangu, kwa ule hajui, ilikuwa kupiga mupira na mudomo. Nyinyi mulizaliwa muko na televizyo kubwa kama mulango ya kanisa. Sisi tulikuwa na redio moja na masikio elfu. Redio inasema Kifaransa, ama inasema Kiswahili ya watu wa pwani, ile ya kuvaa kanzu, na watu wako mbali barabarani hawasikie. Sasa mimi nasimama ku dirisha, megafoni mu mukono, nasikia na sikio moja, natoa na mudomo. Redio inasema "pasi nzuri." Mimi nasema mupira umepita kati ya miguu ya watu watatu, umemusalimia wa ine, umeuliza habari ya nyumbani, umeenda zake. Nikisema "Gooooli!" kuku za Kibombo kule mbali zinataga mbele ya wakati.

Alinitia mu kazi Muzee Sumaili. Alikuwa fundi wa kushona, nyumba yake ilikuwa Alunguli, ngambo ile ya mutoni wetu Lualaba, na atelye yake ngambo hii, karibu na soko. Kila asubuhi anavuka na pirogi, kila jioni anarudi kwa bibi yake mwenye alimuoa. Mimi nilikuwa nauza makayabu, samaki ya chumvi, sokoni. Siku moja akasimama mbele ya meza yangu.

"Weye kijana, hii samaki imeoza?"

"Hapana, Muzee. Iko muzuri kabisa."

"Basi juu ya nini unalia kama muntu amefiwa?"

"Silie, Muzee. Nauza."

"Ah. Kesho utakuja kuuza mupira."

Siku ya kwanza nilifanya aibu ya kufungua kazi. Redio ikapiga makelele, nikaona tu ni bao, nikaipiga bao. Watu wakarukaruka, wakamunyanyua muuza mikate mu hewa, mikate yake ikaenda yote. Kumbe ilikuwa kona. Niliporudisha bao, walitaka kunirudisha mimi kwa mama yangu mu vipande. Muzee akanivuta ndani, akafunga dirisha, akashika mukasi yake ya kukata nguo.

"Assani, chumvi weka vile unataka. Bao usiweke. Muntu anaweza kusamehe chumvi."

Njo masomo yote nilipata. Digrii yangu njo hiyo.

Alinifundisha na redio yenyewe, paske ilikuwa yake. Antene unaifunga na waya ku bati, mais bati isikuwe na kutu. Pile, ile betri ya redio, ikichoka unaianika ku jua, kiisha unaiweka karibu na moto, isiguse. Ikichoka zaidi, unaitoboa na musumari, unatia mayi ya chumvi, unaiomba samahani. Sauti ikipotea katikati ya penalti, usinyamaze. Elezea viatu ya golikipa. Elezea mama yake. Mimi siku moja nilielezea mama wa golikipa mpaka nikamufikisha ku arusi yake, ndiyo redio ikarudi.

Sasa nieleze kilio ya mupira, paske nyinyi hamuijue, munaona tu watu wanapitisha majeneza mu simu munacheka. Ya kwetu ilikuwa na sheria. Fainali ikiisha, timu ya kushindwa imekufa. Tunachukua mugomba wa ndizi, tunaufunga shuka, tunauweka ku jeneza. Wenye walikuwa wanaipenda ile timu wanabeba. Mimi naenda mbele na megafoni, nalia. Na mimi nilikuwa na kilio yangu, naanza juu kama mwanamuke, nashuka chini kama ngombe: "Yooo, marehemu alikuwa muvivu! Yooo, marehemu ameacha beki wajane! Golikipa wake alikuwa na mikono ya kushika bugali tu!" Tunateremuka mpaka mutoni, tunapanda pirogi, tunavuka. Alunguli wanatungojea na ngoma, paske sheria inasema: kilio ya mupira inajibiwa na kucheza. Ukilia sana, wanacheza sana. Tunazika mugomba mu matope, tunakula sombe ya majani ya mihogo, tunarudi.

Mukubwa wa kucheza ngambo ile alikuwa Bibi Mwamini, bibi ya Muzee Sumaili. Muntu wa sala tano, mupole, mais akisikia kilio yangu anashika kitambaa mu mukono na mabega yake inaenda mpaka Kasongo. Muzee anajifanya ana haya. "Angalieni huyu mama, atanivunjia heshima." Na iko anacheka mpaka machozi.

Kulikuwa siku moja, miezi kidogo mbele ya vita, timu ya inchi yetu ilikuwa inatafuta nafasi ya tatu ku Kombe ya Afrika, kule Burkina. Wenyeji wakatupiga ine, sisi moja. Dakika zikaisha karibu zote. Watu wakasema hapana, hatuwezi kungojea, maiti inaanza kunuka. Wakachukua jeneza, wakaenda, na mimi mbele nalia inchi yangu mwenyewe. Tumefika nusu ya njia ya mutoni, Muzee huyo anakuja anakimbia na redio ku kichwa, antene imechoma kofia yake.

"Rudisheni maiti! Rudisheni maiti! Iko inapumua!"

Ya pili, ya tatu, ya ine! Tukasimama na jeneza mu barabara, tukapiga penalti zote pale pale, tukashinda. Ule mugomba tuliuvika skafu tukaupeleka nyumbani kama bwana arusi. Nawaambia, siku ile Lualaba ilisimama kidogo isikilize.

Kiisha ule mwaka haujaisha, vita ikafika Kindu. Tangu pale sikumbuke kama tulicheka tena vizuri.

Vita mulisikia kwa wazazi, sitairudia yote. Treni ilikufa. Kila askari alikuja na bendera yake na njaa yake. Mutoni ulikuwa unafunguliwa, unafungwa, kama mulango ya choo. Mais mwaka ule Senegal alimupiga Mufaransa ku Kombe ya Dunia, mutoni ulifungwa kabisa. Askari walikuwa mu mji, wapiganaji wa pori walikuwa wamezunguka mji mpaka ngambo, na pirogi ikionekana mu mayi inapigwa risasi. Mashamba yote iko inje, na kwenda inje ni kufa. Muzee Sumaili siku ya kufungwa alikuwa amevuka asubuhi, amekuja kukata suruali ya muntu. Jioni akaenda port, pale pirogi zinasimama, askari wakamurudisha. Akalala atelye juu ya meza ya kukatia nguo. Akasema, "Ni ya leo tu." Meza ile alilala mpaka mwisho.

Mimi na bibi yangu Zaina tulimuomba aje kwetu. Alikataa. Alisema nyumba yake iko Alunguli, na muntu hana nyumba mbili kama si tajiri.

Sasa angalieni kazi iligeuka nini. Lualaba pale ni pana. Megafoni yangu ilikuwa inafika ngambo, siwadanganye, mais sauti inafika, maneno inazama. Njo Muzee akapata akili. Pale juu ya port kulikuwa kipande ya reli imetundikwa, ile ya zamani ya kuita wafanyakazi. Mechi ikiisha, tunaenda, napiga reli kwa kila bao ya mwenye kushinda. Kama ni mechi kubwa, naongeza kilio ya mwenye kushindwa. Ngambo ile wanajibu na ngoma, tunaona watu wadogo kama siafu wanacheza ku mucanga. Komanda wa port alikuwa mupenzi wa mupira, alituachia.

Na kazi haikuwa tena mupira. Bibi Mwamini akisikia reli, anajua Muzee iko muzima. Paske redio ni ya Muzee, na Muzee hawezi kumuachia muntu redio yake hata akienda choo. Muzee naye anasimama, anaweka mukono juu ya macho.

"Ile ya katikati njo yeye."

"Muzee, kutoka hapa hata tembo haionekane."

"Mimi ni fundi, Assani. Najua kipimo yake."

Basi hatukungojea mupira tena. Tulitafuta michezo yote ya dunia, tupate sababu ya kupiga reli. Kule kwa wazungu wakafanya michezo ya barafu, watu wanavaa visu chini ya viatu wanateleza. Nikaipiga. Watu wakauliza, "Barafu ya kunywa?" Nikasema ndiyo, na wanaikanyaga. Wanawake wakalia juu ya ile uharibifu. Ku tenisi, wadada wawili wa mama moja, weusi kama sisi, wakakutana fainali. Zaina akauliza, "Na mama yao anapigia nani makofi?" Gari nyekundu ilikuwa inashinda kila siku mpaka nikaichoka, nikasema dereva amelala ndani, gari inajua njia yenyewe. Na mbio ndefu, Wakenya wakabeba. Hiyo haikutushangaza. Ku Kindu mwaka ule kila muntu alikuwa anakimbia, mais hakuna aliyekuja kutupatia medali.

Ku Kombe ya Afrika, Senegal alitutoa. Nilipiga reli mara mbili kwa adui na nikalia kwetu. Alunguli wakacheza vile vile. Sheria ni sheria. Kiisha Senegal huyo huyo akaenda kumupiga Mufaransa, na tukamusamehe. Mechi za ile Kombe ya Dunia zilikuwa zinachezwa kwa Wajaponi na Wakorea, kwao usiku, kwetu jua kali. Watu walikuwa wanakuja ku dirisha na njaa. Musione nacheka. Walikuwa wamekonda mpaka nikisema "kona," wanakaa chini kupumzika. Tulikula majani ya viazi, majani ya mihogo, kiisha majani yenye hayana jina. Mutoto wa jirani yetu alikufa siku ya robo fainali, na baba yake alikuja kusikia mechi, akasimama mpaka mwisho, akarudi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi wote tulikuwa tunafanya vile.

Muzee alianza kuharisha mbele ya nusu fainali. Tukamupeleka hospitali, muganga akatuonyesha kabati: wazi, na mujusi moja ndani. Tukamurudisha juu ya meza yake. Zaina alimupikia uji ya vile alipata. Yeye anakunywa mara mbili, anasema, "Muletee Assani, sauti inataka chakula." Mimi nilikuwa nakula, nasema ukweli. Nilikuwa nakula.

Siku ya fainali, Brazil na Ujermani, alikuwa amekuwa mwepesi kama nguo haijashonwa. Tukaweka redio karibu na kichwa yake. Mukono yake ilibaki ku kifungo ya sauti, hakutaka mwingine aguse. Mimi nikasimama ku dirisha, uso kwa watu, mugongo kwake, vile kazi inataka. Barabara ilikuwa imejaa. Wenye walikuwa wanapenda Ujermani walikuwa wamekwisha kukata mugomba, wameutia shuka, wakisema ni wa Brazil.

Kipande ya kwanza ikaisha bila bao. Nikageuka.

"Muzee, unasikia?"

"Mujermani anachoka," akasema. "Angalia pile. Zima kidogo, wapumzike."

Nikazima. Kiisha nikawasha. Nikarudi ku dirisha.

Bao ya kwanza ilipoingia, golikipa mukubwa wa Ujermani aliutema mupira kama ndizi ya moto, na ule Mubrazil wa nywele ya kiajabu mbele ya kichwa akaupiga. Nililia "Gooooli" mpaka nikaona nyota. Watu wakaruka, na nguvu ile sijui ilitoka wapi. Nikageuka nimuone Muzee. Zaina alikuwa amesimama karibu na meza. Alikuwa anamufunga macho na vidole viwili.

Megafoni ikashuka yenyewe.

"Zaina?"

"Amekwenda."

Inje wakaanza: "Mudomo! Endelea! Mudomo, umekula ulimi?"

Zaina hakulia. Alinisogelea, akanyanyua mukono yangu na megafoni, kama unanyanyua mukono ya mutoto.

"Endelea. Ukinyamaza watajaa humu ndani wote, watamukanyaga. Maliza, kiisha tutamuosha."

Basi nikamaliza. Bao ya pili niliipiga Muzee iko nyuma yangu amefunikwa na kitambaa ya suruali ya muntu. Niliweka chumvi. Sijui nilisema nini. Watu waliniambia nyuma kwamba ile dakika ya mwisho niliipiga vizuri kupita siku zote.

Watu walipotawanyika, nikawaambia wenye mugomba. Walikuwa vijana sita, wanacheka, wanaulizana nani atabeba Ujermani. Nikasema, "Muzee Sumaili amefariki." Wakacheka. Moja akasema, "Na mupeni pole Mujermani." Nikafungua mulango, wakaona. Waliweka ule mugomba chini polepole, kama unaumwa. Kiisha wakauvua shuka. Shuka ile njo tulimuzika nayo, paske sanda haikuwa mu mji muzima.

Sisi Waislamu maiti haingoje. Shehe akasema mbele ya magaribi awe amezikwa. Nikaenda kwa komanda wa port, nikamuomba tumuvushe, azikwe kwao, bibi yake amuone. Hakuwa muntu mubaya sana. Aliniangalia, akaangalia mutoni.

"Ndugu, ukitia pirogi mu mayi, nikikuachia mimi, wale wa ngambo watakupiga. Wakikuachia wao, wangu watakupiga. Umuzike huku."

"Basi uniachie nimuambie bibi yake."

"Muambie. Mudomo si iko yako?"

Nikasimama chini ya reli. Kwanza nilitaka nisipige. Kiisha nikafikiri, wanangojea, wakikosa kusikia reli hawatatega masikio. Nikapiga mara mbili. Ngambo ngoma ikajibu, watu wakaanza kutoka ku mucanga. Nikashika megafoni na mikono mbili.

"Bibi Mwamini! Muzee ametuacha! Muzee Sumaili amekufa! Si mupira! Si mupira, Bibi!"

Na maneno inazama. Nilijua inazama. Mais mwili yangu ulifanya nini? Nililia. Na mimi niko na kilio moja tu mu tumbo, sikuwahi kujifunza nyingine: inaanza juu kama mwanamuke, inashuka kama ngombe. Ikatoka ile ile.

Ngoma ikapanda. Nikalia zaidi, wasikie kwamba hii si ile. Wakacheza zaidi. Nikatupa megafoni, nikajipiga kifua, nikaanguka chini, nikajigalagaza mu vumbi, ndugu zangu, nikajimwagia mucanga ku kichwa. Ngambo wakapiga vigelegele. Vigelegele nilisikia vizuri kabisa. Vile vilivuka.

Ngoma ilikuwa kubwa mpaka askari wakaogopa. Mukubwa moja mwenye alikuwa amefika mupya akasema hii ni ishara ya wale wa pori, leo watashambulia. Wakapiga risasi juu. Ngambo watu wakakimbia. Wakachukua megafoni yangu, wakaangusha ile reli, na wakatoa neno: muntu akipiga kelele tena upande wa mutoni, hataulizwa jina.

Tulimuzika Muzee nyuma ya njia ya treni, watu tisa, jua linaanguka.

Tangu siku ile kimya. Nilitafuta muntu wa kuvuka, hakupatikana. Miezi ikapita, mvua ikaja, wakubwa wakasikilizana kule mbali kwenye wanasikilizanaga, mutoni ukafunguliwa. Pirogi ya kwanza nilikuwa ndani, mimi na redio.

Bibi Mwamini alikuwa anatwanga sombe. Aliniona, akatupa mutwango.

"Assani! Ee Mungu, vile umekonda! Muzee iko wapi, bado anafunga atelye? Muambie mimi nimekasirika. Pile ikiisha ndiyo kusahau muntu? Miezi yote hata reli moja!"

Nikaweka redio chini mbele yake. Aliiangalia. Alijua mbele ya mimi kufungua mudomo, paske redio imekuja peke yake.

"Lini?"

"Siku ya Brazil, Bibi. Nilikulilia. Nilisimama pale, nikakulilia."

Akakaa juu ya majani ya sombe.

"Ile siku?" akasema. "Ile siku nilicheza, mwanangu. Watu walisema njooni muone Mudomo leo anavyojitupa chini. Nilicheza mpaka kitambaa ikaanguka. Nikasema Muzee iko pale, ananiangalia, leo nitamuchekesha."

Jioni wakaita shehe, juu ya eda. Mujane anakaa ndani miezi ine na siku kumi. Shehe akahesabu, akainamisha kichwa. Eda inahesabiwa tangu muntu alipokufa, si tangu habari ilipofika. Ilikuwa imekwisha kupita. Bibi Mwamini aliikaa sokoni, ku mutoni, akitwanga, akichekacheka na majirani.

"Donc basi hakuna ya kukaa," akasema.

"Kwa sheria hakuna, Bibi."

"Na mimi nitafanya nini na hii?" Akajigusa kifua.

Bibi Mwamini akaingia ndani, akafunga mulango, akakaa miezi ine na siku kumi yenye haihesabiwe na muntu.

Mimi niliendelea na kazi, mulinikuta nayo. Televizyo ikaja, satelite ikaja, nikawa natafsiri, kiisha munaona wenyewe hamunihitaji, kiisha sauti ikafa. Vita nayo haikuenda mbali. Sasa iko tena kule mashariki, watu wanafika hapa na magodoro ku kichwa, na nyinyi munawauliza kama walifuata mechi. Siwalaumu. Hata sisi tulikuwa vile. Muliniuliza mara nyingi juu ya nini Papa Mudomo hapana kulia kilio ya mupira. Basi mumesikia. Chezeni yenu, mimi siwakataze. Sina cha kuwafundisha. Nilitafuta mu haya yote kitu ya kuwafundisha, nikakosa.

Siku ile mulinipa kiti, nilivuka kwenda kumuambia Bibi Mwamini kwamba nimeacha kazi. Amezeeka, macho yamekwisha, anakaa mulangoni. Miaka yote hii hatukuwahi kusema tena juu ya ile siku. Siku hiyo akaniuliza, kama muntu anaomba chumvi.

"Assani. Ile bao ya kwanza, Muzee aliisikia?"

Nilikuwa na maneno. Maneno sijawahi kukosa, ningemupatia Muzee kicheko, ningemupatia mukono ulionyanyuka, ningemupatia neno la mwisho na jina lake ndani. Alikuwa anangojea, uso umenigeukia, macho meupe.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Nilikuwa nimemupa mugongo."